Matabishi ya kamari: mchezaji ndiye anayejilipia

Kila anayenunua maharagi kwenye soko la Virunga huko Goma ao la Kadutu huko Bukavu anajua matabishi ni nini. Mama anapima, anasawazisha kopo, kisha anaongeza kiganja kimoja juu. Kiganja kile unakibeba nyumbani, kinaingia chunguni, watoto wanakila. Mama amepunguza faida yake kidogo akitumaini kwamba kesho utarudi kwake, na wewe umepata kitu cha kweli.

Siku hizi kuna matabishi ya aina nyingine yanayoingia kwenye simu za vijana wetu. Ujumbe mmoja unasema ukiweka franga 5 000, nyumba ya pari itakuongezea zingine 5 000. Mwingine unakukumbusha kwamba umekaa siku nyingi bila kucheza, na kwamba pari moja ya bure inakungoja. Mwingine tena unaahidi nyongeza kwa anayeunganisha mechi 10 kwenye tiketi moja. Kijana anasoma, anatabasamu, anaona kwamba kuna mtu anayemjali.

Maoni yangu ni haya: matabishi hayo si kama yale ya soko. Zawadi kwa mchezaji wa kamari ina historia ndefu, na katika historia hiyo imebadilika sura mara tatu. Kwanza ilikuwa chakula na kitanda. Kisha ikawa pointi kwenye kadi. Leo ni kamari tupu. Kila mara ilipobadilika, kile ambacho mchezaji angeweza kubeba nyumbani kilipungua. Wazazi, walimu na viongozi wetu wanapaswa kuielewa historia hiyo, sababu kwetu tumeletewa sura ya mwisho tu, bila kuona zile za kwanza.

Zamani: sahani, kitanda na kinywaji

Tuanzie Marekani, mahali ambapo biashara hii ilijengwa. Jimbo la Nevada liliruhusu kamari kisheria mwaka 1931, wakati wa umaskini mkubwa uliokumba nchi ile. Mji wa Las Vegas ulikuwa mdogo, katikati ya jangwa. Mwenye kazino alikuwa na tatizo moja kubwa: namna gani mtu atatoka mbali, avuke jangwa, na akifika asiondoke mapema?

Jibu lilikuwa chakula. Hoteli ya El Rancho Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1941, inakumbukwa kwa meza yake ya usiku ambapo mtu alilipa karibu dola moja na kula mpaka ashibe. Jikoni lilipata hasara, lakini haikuwa neno, kwa sababu aliyeshiba hakuwa na haja ya kutoka nje; alirudi mezani kucheza. Mwaka 1951 Benny Binion alifungua Horseshoe katikati ya mji. Yeye alijulikana kwa kuwatuma madereva na magari ya fahari kuwachukua wateja, na kwa kuwapa vinywaji vya bure hata wale wanaocheza kwa vijisenti kwenye mashine. Baadaye zikaja ndege zilizolipwa na kazino, zikiwaleta wachezaji wakubwa kutoka New York na miji mingine.

Nani aliamua apewe nani? Mtu. Msimamizi wa meza alisimama, akaangalia, akakumbuka sura, akakadiria: huyu anaweka kiasi gani, amekaa saa ngapi. Hesabu yake haikuwa siri kubwa, na hata leo ndiyo inayotumika. Tuchukue mfano wa ruleti ya Kiamerika, ile yenye sifuri mbili. Katika kila dola 100 zinazowekwa, kazino inabakiza kwa wastani dola 5 na senti 26. Mtu anayeweka dola 25 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa nne, ameweka jumla ya dola 4 000. Kazino inategemea kubakiza karibu dola 210. Basi ikimrudishia theluthi moja, yaani dola 70, kwa njia ya chakula na punguzo la chumba, inabaki bado na 140.

Mnaona? Tangu siku ya kwanza, zawadi ilitoka mfukoni mwa mchezaji mwenyewe. Hakuna kazino iliyompa mtu kitu ambacho hatakilipa kwa wastani. Lakini tuseme ukweli wote: katika siku zile aliyepewa chakula alikila, na aliyepewa chumba alilala. Usingizi ule na shibe ile vilikuwa vyake, na kazino haikuweza kuvichukua tena.

Sarafu zilizobebwa nyumbani

Mwaka 1978 kazino ya kwanza ilifunguliwa Atlantic City, jimbo la New Jersey, kando ya bahari. Pale wateja hawakuja kwa ndege. Walikuja kwa mabasi kutoka New York na Philadelphia, wengi wao wazee waliostaafu. Kazino ziliwapokea na zawadi iliyofaa hali yao: kila abiria alipewa sarafu, mara nyingi za thamani ya dola 10 hivi, pamoja na karatasi ya kulia chakula.

Wazee wale hawakuwa wajinga. Wengine walipokea sarafu, wakaziweka mfukoni, wakaenda kutembea ufukoni wakipigwa na upepo, kisha wakarudi nyumbani na makuta ya kazino. Hiyo ndiyo hatari ya kutoa zawadi ya kweli: anayeipokea anaweza kuondoka nayo.

Kazino zilipata dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mji ule ule, zilianza kuwapa wateja kadi ya kuchomeka kwenye mashine. Kadi iliandika kila kitu: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kila sarafu iliyoingia. Na polepole ile zawadi ya sarafu mkononi ikageuzwa kuwa salio ndani ya kadi, salio ambalo halitoki mpaka lichezwe kwanza. Mabadiliko haya yanaonekana madogo, lakini ndipo mambo yote yalipogeuka. Kutoka siku hiyo zawadi haikuwa tena kitu cha kukufanya ukae karibu na kamari. Zawadi yenyewe ikawa kamari.

Mashine inayomjua mchezaji kuliko mke wake

Hatua iliyofuata ilifanywa na kampuni ya Harrah's. Mwaka 1997 ilianzisha kadi moja kwa kazino zake zote, na mwaka 1998 ikamwajiri Gary Loveman, profesa wa shule ya biashara ya Harvard, mtu wa mahesabu. Loveman mwenyewe aliandika mwaka 2003 kile walichogundua walipopekua kadi za wateja: asilimia 26 ya wachezaji ndio walioleta asilimia 82 ya mapato. Na hawakuwa matajiri wanaofika na masanduku ya dola. Walikuwa watu wa kawaida, wengi wa umri wa kati ao wastaafu, waliokuwa na muda na makuta kidogo, na waliorudi mara kwa mara.

Basi nguvu zote zikaelekezwa kwa hao. Ikawa ngazi: dhahabu, platini, almasi. Mwenye almasi hapangi foleni, na mwenye dhahabu anamwona akipita mbele yake, naye anatamani kupanda. Kampuni ilikadiria hata kiasi ambacho mtu anaweza kupoteza kwa siku na bado akarudi. Alipokaribia kiasi hicho, mfanyakazi alimfuata na zawadi ndogo ili aondoke bila kununa.

Thamani ya maarifa hayo ilionekana wazi baadaye. Kampuni hiyo, ambayo ilikuwa imenunua Caesars na kuchukua jina lake, ilipopeleka tawi lake kubwa mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni mwaka 2015, mpango ule wa kadi ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola milioni 1 000, kupita hoteli yoyote kati ya zile ilizokuwa nazo. Fikirini: vitanda, majumba na viwanja vyote vile, na mali kubwa kuliko zote ni buku linaloandika nani anacheza, lini, na anavumilia kupoteza kiasi gani.

Na wakati kadi ilipozidi kuwa na akili, mkono ulizidi kuwa mzito wa kutoa. Mwaka 2016 kampuni ya MGM ilianza kuwalipisha wageni kuegesha magari kwenye hoteli zake za Las Vegas, jambo lililokuwa bure tangu zamani. Kwenye karata za blackjack, aliyepata karata mbili bora kwa dola 10 alizoea kulipwa 15. Leo kwenye meza nyingi za wachezaji wadogo analipwa 12. Jina la zawadi linabaki, lakini ndani yake mumepunguzwa.

Kwetu imeingia sura ya mwisho tu

Tufike sasa kwetu. Kazino zenye mazulia na ruleti ni chache Kongo, na wengi wetu huku mashariki hatujawahi kuingia ndani ya moja. Kamari yetu ni pari ya mpira, na mlango wake ni simu. Simu hiyo hiyo ndiyo benki yetu. Tangu benki zilipofunga milango Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, watu wengi hawana pahali pengine pa kupokea mshahara, kupokea msaada wa ndugu, ao kulipa minervali ya mtoto, ila M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Maana yake ni nini? Kwamba makuta ya unga na makuta ya pari yanakaa mfuko mmoja, na kati yao kuna kidole kimoja tu.

Hapa hakuna sahani ya chakula wala kitanda. Kuna bonusi. Na bonusi ina masharti. Tuseme umepewa bonusi ya franga 10 000, na sharti ni kuichezesha mara 10 kabla ya kutoa chochote. Lazima basi uweke pari za jumla ya franga 100 000. Kama nyumba inabakiza kwa wastani franga 8 katika kila 100, utakapomaliza sharti hilo utakuwa umeiachia franga 8 000. Katika ile zawadi ya 10 000 umebaki kwa wastani na 2 000, pamoja na zoea la kucheza kila siku. Sharti likiwa mara 20, hesabu inakwenda chini ya sifuri: wewe ndiye uliyeipa nyumba zawadi.

Tazameni pia ile nyongeza ya tiketi ya mechi nyingi, ambayo vijana wanaipenda sana. Tuseme nyumba inabakiza asilimia 5 tu kwa kila mechi. Ukicheza mechi moja, katika franga 100 unatarajia kurudishiwa 95. Ukiunganisha mechi 10, ile asilimia 5 inakatwa mara 10, moja juu ya nyingine, na katika franga 100 unatarajia chini ya 60. Nyumba ikikuongezea asilimia 10 juu ya ushindi, unapanda mpaka karibu 66. Yaani imekunyang'anya 40, imekurudishia 6, na unaishukuru. Na hayo ni kwa wastani tu. Kama kila mechi ina nafasi moja kati ya mbili, tiketi ya mechi 10 inapita mara moja katika mara 1 024. Basi kwa nini nyongeza inatolewa kwa tiketi ndefu, si kwa fupi? Msomaji ameshapata jibu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni ule ujumbe unaomfuata aliyeacha. Motari aliyejiambia kwamba mwezi huu hachezi, kwa sababu ana deni la likelemba, siku ya nane anapata pari ya bure kwenye simu. Msimamizi wa Las Vegas wa zamani hakuweza kumfuata mtu mpaka kitandani kwake. Programu inaweza, na haichoki, na haioni haya. Muuza maharagi anamwongezea kiganja yule aliyekuja kununua. Haendi usiku kugonga mlango wa yule aliyesema leo sina.

Wanaotetea, na jibu langu

Najua watakaosema: mtu mzima ana haki ya kutumia makuta yake anavyotaka. Ni kweli. Sisemi pari ifungwe. Ikifungwa itahamia gizani, na huko hakuna wa kumlalamikia. Wengine watasema vibanda vya pari vinawapa vijana kazi, na vinalipa kodi. Hilo pia si uongo. Wengine watauliza kwa nini kampuni za simu zinatoa bonusi ya unite na hakuna anayelia. Jibu ni rahisi: bonusi ya unite unaongea nayo na mama yako, inaisha, basi. Haikulazimishi kununua unite mara kumi zaidi ili uruhusiwe kuitumia.

Haki ya mtu mzima inataka ajue bei ya anachonunua. Bonusi imefanya bei ifichwe nyuma ya neno zuri. Ndiyo maana nchi zenye uzoefu mrefu zimeanza kuigusa zawadi yenyewe. Uingereza, wenye kusimamia kamari walitazama wateja wa heshima wa kampuni moja, wale wanaopewa zawadi nyingi: walikuwa asilimia 2 tu ya wateja, lakini walileta asilimia 83 ya makuta yaliyowekwa. Mwaka 2020 sheria mpya zikaja juu ya mipango hiyo, na idadi ya wateja wa aina hiyo ikashuka kwa asilimia 70. Mwaka 2025 wakatangaza kwamba sharti la bonusi lisizidi kuchezesha mara 10. Ubelgiji, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, mwaka 2024 walikataza bonusi, na wakapandisha umri wa kucheza pari mpaka miaka 21. Na hapa jirani, Uganda, sheria ya mwaka 2016 inamkataza mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kama kampuni zinaweza kuishi na sheria hizo ng'ambo ya mpaka, zinaweza kuishi nazo kwetu.

Tufanye nini

Kwa yeyote anayetoa ruhusa na kukusanya kodi ya michezo hii, ninaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji makuta mengi.

La kwanza, masharti ya bonusi yaandikwe kwa Kiswahili na lugha zingine za wakaaji, kwa herufi kubwa, na kwa franga: si mara 10, ila jumla kamili ambayo mtu atalazimika kucheza kabla ya kutoa.

La pili, ni marufuku kumtumia bonusi mtu aliyeacha kucheza ao aliyefunga akaunti. Aliyetoka aachwe atoke.

La tatu, kila mchezaji aweze kuona kwenye simu yake jumla mbili za mwaka: alizoweka na alizotoa. Kampuni inazo namba hizo tayari. Ndizo mali yake kubwa. Haifai mwenye kupoteza awe wa mwisho kujua.

La nne, umri uchunguzwe kwa kweli. Mtoto mwenye kuvaa shati jeupe la masomo asipokewe kibandani, hata kama ametumwa na kaka yake.

Wakati tunangoja, kila jamaa ina kazi yake. Wazazi, msimgombeze tu kijana. Kaeni naye, fungueni historia ya simu yake, jumlisheni pamoja alichoweka kwa miezi mitatu, kisha alichotoa. Hesabu hiyo inaongea kuliko fimbo. Walimu wa hesabu, mfano wa mechi 10 ni somo zuri la asilimia, na wanafunzi hawatalala. Wachungaji na mashehe, neno dhambi peke yake halimzuii anayeamini kwamba anapewa bure. Mwonyesheni kwamba hapewi.

Na wewe kijana unayesoma haya kwenye simu ile ile, ujumbe wa bonusi utakapofika, jiulize swali moja tu: je, ninaweza kuitoa leo na kununua nayo mkate? Kama jibu ni hapana, basi usiite matabishi. Ni chambo, na bei ya ndoano imeshakatwa kwenye salio lako la jana.